Mrejesho: Baba yake babu nimempata kwenye kitabu cha ubatizo

Wakuu, niliwauliza nianzie wapi kumtafuta baba yake babu, aliyekuja Dar enzi za Mjerumani kujenga reli ya kati. Naleta mrejesho.

RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, sikupata kitu, na mlishanionya: wakati wa mkoloni Waafrika wengi hawakusajiliwa kuzaliwa wala kufa. Nyaraka za Taifa pale Upanga mafaili ya Kijerumani yapo, hadi UNESCO iliyaingiza kwenye Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ila ule mwandiko! Hata anayejua Kijerumani cha leo anakwama. Halafu mengi ni mambo ya utawala, kibarua wa reli utamkuta wapi?

Kilichonitoa ni ushauri wa kwenda parokiani. Katibu alitaka barua ya serikali ya mtaa tu, akanitolea kitabu kipana, pembeni kimeliwa na mchwa. Mstari mmoja una jina la mtoto, wazazi, msimamizi na walikotoka. Babu kaandikwa Josephus, Kilatini hicho. Baba yake: Mnyamwezi, Tabora.

Sisi tumekua tukijiita Wazaramo wa Kisarawe! Nikampigia shangazi, akacheka: "Kumbe ndio maana kwenye msiba wa baba Wanyamwezi, watani wa Wazaramo, hawakututania, walikaa kama wafiwa." Baba mdogo yeye hataki kusikia, anasema padri alikosea. Haya, tumwache.

Sasa natafuta aliyewahi kuomba vitabu vya parokia za zamani huko Tabora. Unaandika barua jimboni au unafunga safari tu?