HiAce 2.7 ya petroli: injini ni dhaifu, au mimi ndiye sijui kuiendesha?

Safari Ndefu:
Wakuu, habari za leo. Naomba mnisaidie kabla sijatia sahihi.

Kwa miaka 6 nimeendesha HiAce ya dizeli, ile ya lita 3.0 yenye tabo (turbo), injini 1KD-FTV, gia za mkono. Imechoka, inabidi niiache. Sasa kuna jamaa ana TRH223: bodi ndefu, paa la juu, viti 14, petroli 2.7, otomatiki ya gia 4. Kaniachia siku chache niijaribu.

Kwenye karatasi petroli inashinda. Nguvu farasi 151 dhidi ya 136 za dizeli yangu. Nikasema hapa nimepata. Juzi nikapakia watu 11 na mabegi yao, tukaanza mlima mmoja mrefu ninaoujua kona kwa kona. Dizeli yangu huupanda nikiwa gia ya tatu, mguu umetulia, napiga stori. Hii ilipofika katikati ikaanza kusinzia. Naongeza mafuta kidogo, haiitiki. Naongeza tena, kimya. Ghafla gia ikashuka, injini ikapiga kelele kama imetukanwa, abiria wa siti ya kwanza akaniuliza kama kuna kitu kimekatika.

Kwenye tambarare sina neno. Haitetemeki, asubuhi inawaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo, na ikisimama kwenye foleni nasahau kama inaunguruma. Lakini ule mlima umenitia wasiwasi. Gari ni mgonjwa, au petroli ndivyo zilivyo? Hizo farasi 15 za ziada zimejificha wapi?

Dizeli Daima:
Rudi kwenye dizeli ulale usingizi. Kwaheri.

Fundi Chini ya Kiti:
Mkuu, gari lako huenda halina ugonjwa wowote. Umesoma karatasi nusu. Umetazama farasi, hujatazama zinapatikana kwenye mizunguko mingapi.

Dizeli yako inatoa toki ya Newton-mita 300 kuanzia mizunguko 1,200 kwa dakika mpaka 2,400. Yaani ukigusa tu mafuta, nguvu ya kusokota ipo mlangoni inakusubiri. Injini ya hii petroli, 2TR-FE, inatoa Newton-mita 241, tena kilele chake kiko kwenye 3,800. Hizo farasi 151 nazo huzipati mpaka mshale wa mizunguko ufike 4,800. Wewe kwa mazoea ya miaka 6 ulikuwa unapanda mlima na mshale kwenye 2,000, sivyo?

Sasa piga hesabu. Toki ukiizidisha kwa mizunguko, kisha ukagawa kwa 9,549, unapata kilowati. Dizeli kwenye 2,000 inakupa kilowati 63 hivi. Petroli, hata tukiipendelea tuseme toki yake yote 241 ipo tayari kwenye 2,000, ambayo haipo, inafika 50 na kidogo. Hapo ndipo gari "liliposinzia". Lakini ipeleke 3,800: kilowati 96. Dizeli mwisho wake ni 100, kwenye 3,400, ikipita hapo inaishiwa pumzi. Petroli bado inapanda, inafika 111.

Farasi zako 15 hazikupotea. Ziko juu ghorofani, wewe unazitafuta sebuleni.

Kelele uliyosikia ni injini ikifanya kazi yake. 2TR ni silinda 4 pana, kipenyo milimita 95 na mwendo wa pistoni milimita 95 vilevile, na imekaa chini ya makalio yako. Lazima uisikie.

Mama Usukani:
Naunga mkono hapo juu. Mimi naendesha ndogo kuliko hiyo, petroli ya lita 2.0, injini 1TR-FE, farasi 133 na toki 182 tu kwenye 4,000. Mwaka wa kwanza nililia. Nilikuwa naibembeleza mafuta kwa kudhani nabana matumizi, kumbe naitesa na inakunywa zaidi.

Safari Ndefu, tazama upande wa fimbo ya gia, kuna kitufe kimeandikwa O/D. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na gari haliendi gia ya nne tena. Mimi nakibonyeza kabla ya mlima, tukiwa bado chini. Ukingoja gari lianze kukata pumzi ndipo ubonyeze, umeshapoteza mwendo, na mwendo ukipotea na watu 11 kuurudisha ni kazi. Otomatiki ya gia 4 ina pengo kubwa kati ya gia na gia, ndiyo maana ulipoongeza mafuta kidogo kidogo haikuitika. Ilikuwa inapima kama umeamua kweli. Kanyaga kwa uamuzi, ishuke mara moja, kisha legeza mguu kidogo. Mshale ukae 3,200 mpaka 3,800 na uuache hapo.

Abiria waambie mapema kutakuwa na kelele. Wangu wameshazoea, mmoja analala hapohapo juu ya injini.

Dizeli Daima:
Sawa, nimerudi, maana mnaipamba sana. Hesabu ya fundi ni sahihi. Lakini mtu anayepanda mlima mara nne kwa siku akiwa amejaza, anataka aishi kwenye mizunguko 3,800? Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, kama asilimia 10 hivi. Na injini ya dizeli inabana hewa zaidi: 1KD ina mgandamizo wa 17.9 kwa 1, hiyo 2TR ya matoleo ya kwanza ni 9.6 kwa 1, kwa hiyo kila tone linafanya kazi kubwa zaidi. Mimi dizeli yangu ikijaa inanipa kilometa 10 mpaka 11 kwa lita. Mama Usukani atuambie yake.

Mama Usukani:
8 nikiwa na adabu. 7 nikiwa na haraka. Sifichi.

Fundi Chini ya Kiti:
Hapo Dizeli Daima ana haki yake, simbishii. Ila aseme na upande wa pili. Dizeli ya kisasa ikiharibika injekta au tabo, huo ni msiba. Petroli hii haina tabo, haina pampu ya shinikizo kubwa, na timingi yake ni cheni, si mkanda kama wa 1KD ambao lazima ubadilishwe kwa wakati wake. Plagi nne, filta, oili safi kwa muda wake, maji sahihi kwenye rejeta, basi. Anayepiga safari fupifupi za kusimama na kuondoka, injini ikipoa na kupata moto mara kumi kwa siku, petroli inamfaa. Anayebeba mzigo mzito kwenye milima kila siku, dizeli. Swali ni Safari Ndefu yuko wapi kati ya hao.

Na kuna jambo hamjalitaja: kuteremka. Kwenye petroli ukiachia mafuta, kilango cha hewa kinafunga, pistoni zinabaki zinavuta hewa kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija. Mvuto huo unaishika gari. Dizeli haizibi hewa namna hiyo. Kwa hiyo mlima uleule ulioulalamikia kupanda, jaribu kuuteremka ukiwa gia ya pili, uone breki zako zitakavyopumzika.

Spana 14:
Wote mmezungumza injini, hakuna aliyezungumza bodi. TRH223 si gari lile alilozoea, kama KDH yake, ile HiAce ya dizeli, ilikuwa fupi. Fupi lina urefu wa milimita 4,695 na upana 1,695. Hili ni 5,380 kwa 1,880, kimo 2,285. Umbali kati ya tairi ya mbele na ya nyuma unatoka 2,570 mpaka 3,110. Zaidi ya nusu mita!

Maana yake ni mbili. Kwanza kona: umekaa juu kabisa ya tairi za mbele, kwa hiyo ukikata usukani kama wa gari dogo, tairi ya nyuma itapanda ukingo. Chelewa kidogo, pua iingie, ndipo ukate. Pili upepo. Uso wa gari hili ni ukuta. Ukitoka kilometa 80 kwa saa kwenda 100, nguvu ya upepo inaongezeka kwa zaidi ya nusu, maana inakwenda kwa mraba wa mwendo. Ndipo petroli inapoisha, si kwenye mlima. Tangi ni lita 70, lijaze mpaka juu, tembea, jaza tena, gawanya kilometa kwa lita. Fanya hivyo mara moja kwa 80 na mara moja kwa 100, utaniambia.

Nyuma kuna springi za vyuma vilivyopangwa tabaka juu ya ekseli nzima. Ukiwa peke yako linaruka kama mbuzi. Likipata watu 8 na kuendelea linatulia, linakuwa gari jingine. Usilihukumu likiwa tupu.

Plagi Nne:
Mimi ningeangalia pia kama haimisi, yaani silinda moja kuruka bila kuwaka. Hesabu zenu ni za injini isiyo na hitilafu. Ikisimama, weka mkono juu ya usukani, je kuna mtikisiko wa hapa na pale? Halafu tazama filta ya hewa, na kihisi cha hewa kama kina vumbi. Sikia pia kama breki za nyuma zinashika zenyewe bila kukanyagwa: baada ya kutembea sogeza mkono karibu na rimu, usiguse, kama moja ina joto kuliko mwenzake umepata mwizi wa farasi.

Safari Ndefu:
Nimerudi wakuu. Dizeli yangu ilikuwa fupi, ndiyo, na kweli nilipanda ukingo mmoja juzi. Sikusema kwa aibu.

Leo asubuhi nimepakia watu walewale, isipokuwa mmoja aliyekataa. Mlima uleule. Chini kabisa nikabonyeza O/D, nikakanyaga kwa uamuzi, mshale ukaenda 3,600. Nikauacha. Ilinibidi nijizuie, mguu wangu ulikuwa unataka kuirudisha chini kila mara, masikio yananiambia unaua injini. Gari likapanda bila kushuka mwendo mpaka juu. Kwenye ile kona ninayoshukaga gia nikiwa na dizeli, sikufanya kitu. Mshale wa joto la maji haukusogea.

Kuteremka nikaweka pili. Fundi, heshima kwako. Nimegusa breki mara tatu tu.

Haimisi, rimu zote zina joto sawa. Filta ilikuwa na majani makavu, nimeitoa na kuipiga-piga.

Kazi yangu hasa ni safari za katikati ya mji, mlima ule ni mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo nadhani nalichukua. Kimebaki kitu kimoja: kiti changu kinachoma. Sisemi joto la kawaida. Baada ya saa moja nilikuwa nakaa upande.

Fundi Chini ya Kiti:
Nyanyua kiti. Kile kifuniko cha injini kina mpira unaozunguka ukingo wote. Pitisha kidole taratibu injini ikiwa baridi.

Safari Ndefu:
Nimepitisha. Upande wa mlango mpira haupo kabisa, kama urefu wa kiganja. Pembeni yake kuna tambara la zamani limekunjwa mara nne, limeungua ukingoni.

Fundi Chini ya Kiti:
Hilo tambara litoe leo hiihii, kabla hujawasha. Kisha weka mpira mpya, na kabla ya kufunga angalia vibanio vya kifuniko kama vyote vinakaza. Ukimaliza, muulize mwenye gari kama kule chini ameficha kingine.

Mama Usukani:
Na joto la kiti mwambie alipunguze kwenye bei.