Laptopu ya zamani ya steshenari: nibaki Windows 10, nipigiwe 11 au niweke Linux?

MamaSteshenari_Ifakara
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, nimekwama. Nina laptopu ya HP, ndiyo inayoniendeshea steshenari. Tangu mwezi wa kumi mwaka jana inaniletea tangazo kwamba Windows 10 imefika mwisho. Kuna fundi hapa mjini anasema atanipigia Windows 11 kwa elfu arobaini. Mwingine anasema laptopu hii haiwezi 11, niiuze niongeze hela ninunue nyingine. Kijana wa jirani naye ananiambia niweke Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure. Nimewasikiliza wote watatu na kila mmoja anamponda mwenzake. Nichukue lipi? Fundi anakuja Jumamosi na nimeshamwahidi.

Kipanya
Dada, HP gani? HP wana laptopu za mwaka 2008 na wana za mwaka huu. Taja modeli, prosesa, RAM na aina ya diski. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Soma mstari wa Processor na mstari wa BIOS Mode. Kisha rudia vilevile ila uandike tpm.msc (TPM ni sehemu ya usalama ya mashine), utuambie Specification Version inasoma ngapi.

Pengwini_Moro
Weka Linux Mint, moja ya aina za Linux, ulale usingizi. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na linatunzwa hadi 2029. Haina virusi vya flashi vinavyoficha mafaili ya wateja, haikulazimishi kununua mashine nyingine. Mimi nimehama tangu 2019 na sijarudi nyuma.

Kipanya
Pengwini, hata hujajua mashine ni ipi na kazi yake ni nini, umeshatoa dawa.

Mama_Kuku
Mimi nina Windows 7 mpaka leo. Inawaka, inaprinti, hainisumbui na matangazo. Kwa nini watu mnahangaika?

Kipanya
Mama Kuku, Windows 7 iliachwa Januari 2020. Chrome ya mwisho iliyokubali kukaa humo ni toleo la 109, la mwanzo wa 2023. Kama kazi yako ni Word na printa tu, sawa. Lakini anayewaombea watu kazi mtandaoni na kuingiza nywila zao kwenye brauza ya miaka mitatu iliyopita anawaweka wateja wake hatarini, na wao hawajui.

MamaSteshenari_Ifakara
Samahanini, nilikuwa na wateja. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Ni EliteBook 840 G3. Processor imeandika Intel Core i5-6300U. RAM ni 4. Diski ni GB 500, ile ya zamani inayozunguka, ukiinamisha sikio unaisikia. BIOS Mode inasema Legacy. TPM ni 1.2.

Kazi ni kuchapa barua na CV, kuwaombea vijana ajira mtandaoni, kuprinti, na kadi za michango na za harusi. Kadi zote natengeneza kwenye Publisher ya Microsoft, nina mafaili tangu 2017. Asubuhi naiwasha kwanza, halafu nafagia, namwagia maji nje vumbi litulie, napanga meza. Nikirudi ndiyo kwanza inatulia.

Kipanya
Hapo sasa. Tazama namba ya prosesa: i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kile kistari ni 6, yaani kizazi cha sita. Microsoft kwa Windows 11 wanataka Intel kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za kizazi cha saba. Wanataka pia TPM 2.0, UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine) yenye Secure Boot (ukaguzi wa usalama inapowaka), RAM ya GB 4 na diski isiyopungua GB 64.

Kwako TPM inarekebishika, HP walitoa programu ya kuigeuza toka 1.2 kwenda 2.0 kwa modeli hiyo. Legacy, yaani mfumo wa zamani wa kuwashia, nayo inageuzwa kuwa UEFI. Kinachokataa ni prosesa, na hiyo imechomelewa kwenye ubao, haibadilishwi. Kwa hiyo kwa njia iliyo rasmi mashine yako inaishia Windows 10. Fundi wako anayesema haiwezi 11 amesema kweli, na yule anayesema ataiweka naye anaweza kuiweka. Atapita njia ya panya: flashi iliyotengenezwa na Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kuwekea Windows, ukaguzi wa vigezo umeondolewa.

Fundi_Changombe
Na hiyo njia ya panya inafanya kazi, msimtishe dada wa watu. 840 G3 nimezipiga 11 nyingi sana, wateja wanazitumia hadi leo. Apdeti za kila mwezi zinaingia kama kawaida. Ila kitu kimoja sikubali: kuweka 11 kwenye diski inayozunguka. Mteja akikataa SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, namrudishia laptopu yake, maana kesho atasema fundi ameniharibia.

Kipanya
Za kila mwezi zinaingia, nakubali. Toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe kwenye mashine isiyo kwenye orodha. Itabidi akutafute tena na flashi, na elfu arobaini nyingine. Na Microsoft hawajamwahidi mtu kwamba hizo za kila mwezi zitaendelea. Hayo ungemwambia mteja kabla hajalipa.

Fundi_Changombe
Namwambia. Usinihukumu mkuu, hujawahi kukaa kwenye meza yangu.

Mwl_Kilosa
Dada yangu, kabla ya Jumamosi naomba usome hiki ninachoandika, hata kama ni kirefu. Sitaki yakukute yaliyonikuta.

Mwaka 2022 nilikuwa na laptopu ya kizazi cha nane, yaani yenyewe iliruhusiwa Windows 11 bila njia yoyote ya panya. Nikampelekea fundi mmoja. Ilikuwa imegawanywa, C ya Windows na D ya mafaili yangu. Nikamuuliza, mafaili? Akanijibu D haiguswi, mwalimu, kunywa soda. Nilikaa hapohapo kwenye kibenchi namtazama. Flashi ikachomekwa, ikafika pale pa kuchagua diski, ikagoma, ikaandika maneno mekundu ya MBR na GPT. Nikamwona anabonyeza Delete, mstari mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka ikabaki mstari mmoja ulioandikwa Unallocated. Sikujua maana yake. Nikadhani ndiyo utaratibu.

Nilipofika nyumbani D haikuwepo. Alama za wanafunzi za miaka minne, mitihani niliyotunga, na picha za baba tulizopiga Krismasi yake ya mwisho. Nilirudi kesho yake asubuhi. Akasema lazima ifutwe vile, ndivyo 11 inavyotaka. Tulijaribu programu za kurejesha mafaili siku tatu. Zilirudi picha chache, zimekatika katikati, nusu ya uso na nusu kijivu.

Baadaye nikajifunza kwamba haikuwa lazima. Diski ilikuwa MBR, mpangilio wa zamani unaoendana na Legacy. Windows 11 kwa kawaida inataka UEFI, na UEFI inataka GPT, mpangilio mpya wa diski. Kuna amri ya Microsoft wenyewe, mbr2gpt, ipo ndani ya Windows 10, inageuza diski bila kufuta mafaili. Yeye alichukua njia ya mkato kwa sababu diski haikuwa yake.

Sasa dada, yako inasoma Legacy. Maana yake diski yako karibu hakika ni MBR, sawasawa na ile yangu. Hizo kadi za tangu 2017 zinakili kwenye diski ya nje kabla hajafika. Sio kwenye flashi moja. Sehemu mbili.

Fundi_Changombe
Pole sana mwalimu. Huyo hakuwa fundi. Ila nawe ungekuwa na nakala.

Mwl_Kilosa
Nisingekuwa na haja ya kuambiwa "haiguswi" kama ningekuwa nayo. Nilimuuliza kwa mdomo wangu na akanijibu. Anayejua ndiye anayetakiwa kusema.

Mama_Kuku
Hapo namuunga mkono mwalimu. Ukipeleka gari gereji huambiwi ung'oe viti kwanza.

BaharaMombasa
Salaam aleikum nyote. Mie nawauliza, mbona hakuna anayemtajia Mac? Ninayo MacBook Pro ya katikati ya 2012, ya inchi 13, RAM nimeongeza mwenyewe na SSD nimetia mwenyewe. Hadi sasa yafanya kazi vizuri mno. Apate moja ya mtumba, aondokane na haya.

Kipanya
Waaleikum salaam. Hiyo Mac Apple wenyewe waliishia kuipa Catalina, mfumo wa Mac wa mwaka 2019. Chrome kwenye Catalina iliishia toleo la 128. Labda uwe umeipandisha kwa OpenCore, programu inayoweka mfumo mpya kwenye Mac ambayo Apple wameiacha.

BaharaMombasa
Ndiyo, niko Monterey, mfumo mpya kuliko Catalina, kwa OpenCore Legacy Patcher.

Kipanya
Basi nawe uko njia ya panya kama wale wa Rufus. Halafu Publisher haipo kwenye Mac, haijawahi kuwepo. Dada anaishi kwa kadi za harusi.

Pengwini_Moro
Kwenye Linux kuna LibreOffice Draw, programu ya bure ya kuchora na kupanga kurasa, inafungua mafaili ya Publisher.

MamaSteshenari_Ifakara
Kaka Pengwini, yanafunguka yakiwa sawa au yanafunguka tu?

Pengwini_Moro
Niseme kweli, yanafunguka ila mpangilio unaweza kuhama. Maua ya pembeni yanasogea, maandishi ya kuchezacheza yanabadilika fonti. Utalazimika kuzisuka upya zile za muhimu. Lakini unaweza kujaribu bila kugusa diski yako: shusha Mint kwenye flashi, ni kama GB 3, tumia bando la usiku. Iwashe kutoka kwenye flashi, fungua kadi tano, uone kwa macho yako. Ukichomoa flashi Windows yako ipo palepale.

Mwl_Kilosa
Na kwa walimu humu, zile Excel za matokeo zenye makro nyingi (amri zinazojiendesha) mara nyingi haziendi vizuri kwenye LibreOffice. Nilijaribu, safu ya madaraja yote ilikataa.

Binti_Mahesabu
Hivi hakuna aliyemwambia kuhusu ESU? Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, ila Microsoft wanatoa mwaka mmoja wa ziada wa apdeti za usalama kwa watu wa kawaida, hadi 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, au ukatumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au usilipe kitu kama utakubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako kwao. Andika winver kwanza, kama ulivyoandika msinfo32, lazima isome toleo la 22H2. Kisha nenda Settings, Update & Security, Windows Update, utaona Enroll now. Mimi nimefanya kwenye laptopu ya mama, dakika tano.

Kwangu mimi hilo ndilo la kufanya leo, na hiyo elfu arobaini aiongezee kwenye SSD. 840 G3 inakubali diski ya inchi 2.5 ya SATA na pia ina nafasi ya M.2. RAM ina sehemu mbili, kama ni kipande kimoja cha 4 anaongeza kingine.

Fundi_Changombe
Hapo kwenye SSD nakuunga mkono asilimia mia. Dada, kinachokufanya umwagie maji ukirudi bado inazunguka sio Windows 10. Ni hiyo diski. Ukiweka 11 juu yake utafagia mpaka nyumba ya jirani. Na ukinunua RAM hakikisha ni DDR4 ya laptopu, bei zimepanda siku hizi, wengine wanawauzia watu DDR3 isiyoingia.

Jembe_la_Kyela
Mimi ningeuza ninunue 840 G5 moja kwa moja, ya kizazi cha nane. Oktoba ikifika atarudi tena hapa kuuliza.

Kipanya
Wazo sio baya, ila kabla ya kulipa aandike msinfo32 dukani, mbele ya muuzaji. Asiamini stika. Nimefungua laptopu yenye stika mpya ya kizazi cha nane, ndani ikasoma i5-2520M, kizazi cha pili, ya 2011. Stika zinauzwa.

Binti_Mahesabu
Na hiyo Publisher yenyewe Microsoft wanaacha kuitunza Oktoba hii hii ya 2026. Wenye kulipia Microsoft 365 hawataifungua tena. Wenye ile ya kununua mara moja itaendelea kuwaka, bila matengenezo. Dada, yako ni ipi?

MamaSteshenari_Ifakara
Aliniwekea fundi, mimi sijui hata ni ipi. Hii ya Publisher imenishtua kuliko ya Windows. Nina wateja wa kamati ambao kila mwaka wanarudi na kusema "ile kadi ya harusi ya dada yake, badilisha majina tu".

Pengwini_Moro
Anza kuzihifadhi zote kama PDF pia. Hata zikikataa kufunguka, utakuwa na sura yake ya kuigiza.

MamaSteshenari_Ifakara
Nimeanza usiku huu, nimefika 2019. Nimeandika winver, ni 22H2, ila hiyo Enroll now siioni. Na swali lingine, kaka Pengwini: printa yangu ni Canon LBP2900. Itakubali Linux?

Pengwini_Moro
Hiyo ni mtihani. Inatumia mfumo wa CAPT wa Canon, draiva yake ya Linux ni ya zamani na ina usumbufu. Wengine wamefanikiwa, mimi ilinishinda. Zile za HP LaserJet ndizo rahisi.

Binti_Mahesabu
Enroll now kutoonekana mara nyingi ni apdeti zilizobaki nyuma. Bonyeza Check for updates, ziingie zote, uwashe upya, utazame tena. Una bando la kutosha?

MamaSteshenari_Ifakara
Limebaki la GB 2. Nimempigia fundi, nimemwambia Jumamosi aje na bei ya SSD ya 256 kwanza, flashi yake aiache nyumbani. Amenuna kidogo. Nimemuuliza hiyo mbr2gpt, akasema atauliza.

Gosbert_wa_Bukoba
Wakuu, nami nina kimini cha Acer cha Atom N270, RAM 1. Kinaweza Windows 11?

Kipanya
Hapana mkuu. N270 ni ya biti 32, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Hata Debian 13, Linux ya Agosti 2025, imeacha kisakinishi chake cha biti 32. Jaribu Debian 12 au antiX, Linux nyepesi. Ila fungua uzi wako, hapa bado tunamsubiri dada atuletee bei ya SSD.