Msaada: sampo 17 za boksi la urembo kutoka Marekani, nianze na ipi?

BintiKigamboni

Habari za muda huu wadau. Dada yangu yuko Minneapolis, analipia Ipsy, kile kimfuko cha kila mwezi chenye vitu vitano vidogo vidogo vya ngozi na mekapu, yaani sampo za kujaribia. Asivyovitumia amevikusanya na kunipa kupitia mtu aliyekuwa anakuja Dar. Nimehesabu, viko 17: seramu ya vitamini C (5 ml), seramu ya niasinamaidi, yaani vitamini B3, 10% (5 ml), krimu ya retinoli, jamii ya vitamini A, 0.3% (7 ml), tona ya asidi ya glaikoliki 7% (15 ml), krimu za uso za vipakiti aina nne (2 ml kila kimoja), sanskrini ya kukinga jua SPF 50 (10 ml), barakoa ya udongo (10 ml), faundesheni vipakiti vitatu, maskara mbili, lipstiki moja na wanja wa penseli.

Ngozi yangu ni maji ya kunde, ina mafuta kwenye paji na pua, na chunusi za kidevuni zikiisha zinaacha madoa meusi. Kwa sasa naoshea uso sabuni ya kuogea ya mche na kupaka losheni ya mwili. Sendofu ya mdogo wangu ni wiki sita zijazo. Nijaribuje bila kuharibu uso, na nitajuaje kipi cha kununua chupa kubwa? Sina mimba wala sinyonyeshi. Natanguliza shukrani.

Mkunazi

Kabla hujafungua hata kimoja, muulize dada alijibu nini kwenye dodoso la Ipsy alipojiunga. Pale mtu huulizwa rangi ya ngozi, aina ya ngozi na anachotaka kutibu, na majibu hayo ndiyo yanayoongoza vitu atakavyopelekewa. Maana yake mfuko huo ulipangwa kwa uso wa dada yako, tena uso unaoishi kwenye baridi ya Minneapolis. Leta jibu hapa, litabadilisha mengi.

Pili, jua sampo inaweza kujibu swali gani. Uso mmoja unakula karibu nusu mililita ya krimu kwa mpako mmoja, kwa hiyo kipakiti cha 2 ml ni mara nne tu. Mara nne zinatosha kukuambia kama inawasha, kama harufu inakukera, kama saa sita mchana utakuwa unang'aa kama andazi. Hazitoshi kukuambia kama inafuta madoa, maana madoa yanataka wiki 8 hadi 12 za kupaka bila kuruka. Mtu akikwambia kipakiti kimemwondolea madoa, ni taa ya bafuni hiyo.

Piga hesabu hiyo kwa kila kitu. Seramu ya 5 ml, ukitumia matone manne kwa siku, inafika kama siku 25. Retinoli hupakwa kiasi cha punje ya njegere, na mara mbili tu kwa wiki kwa anayeanza, hivyo hiyo 7 ml yako inafika miezi karibu mitatu. Katika sampo zote 17, hiyo ndiyo inayoweza kukupa jibu kamili. Na ndiyo usiyotakiwa kuianza sasa: wiki za mwanzo ngozi hukauka na kubanduka, na faundesheni inashika kila ganda linalobanduka. Retinoli na tona ya glaikoliki zifungie kabatini mpaka sendofu ipite, na hata hapo usizianze pamoja.

ChapatiMbili

Paka vyote leo usiku, ukiamka salama vyote ni vyako 😂

Mkunazi

@ChapatiMbili na asipoamka salama, katika vitu 17 utamkamata yupi? Kuanza kimoja kimoja si uoga, ni ili mkosaji ajulikane.

Dada, jaribio ni hivi. Chukua kiasi cha nusu ya punje ya mchele, paka upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Asubuhi na usiku, siku saba. Wengi hujaribu saa 24 wakaridhika, lakini mzio wa ngozi mara nyingi hujitokeza siku ya pili hadi ya nne, na mwingine huchelewa zaidi. Unaweza kujaribu vitu vinne kwa pamoja, viwili kila mkono, mradi uache nafasi ya vidole vitatu na uandike herufi kwa kalamu pembeni ya kila duara. Usipoandika, siku ya tatu utakuwa umeshasahau nani yuko wapi. Kitu cha kuoshwa, kama barakoa, hakilali mkononi: kiache dakika zilizoandikwa kwenye lebo, kisha osha.

Kipakiti kikishafunguliwa, kata kona ndogo tu, kunja mara mbili, bana kwa klipu ya karatasi, weka kwenye mfuko wa zipu. Usitumbukize kidole, minya.

Sabuni ya mche kwa uso achana nayo wiki hii hii. Sabuni ya kawaida ina pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) ya kama 9 mpaka 10 wakati ngozi iko karibu na 5, na uso uliokwanguliwa mafuta yake utalalamikia kila sampo utakayoweka. Utasema seramu mbaya, kumbe ni sabuni. Tafuta ya uso isiyo na harufu, oshea asubuhi na jioni.

BintiKigamboni

Asante sana Mkunazi. Nikihamia usoni, kuchomachoma kidogo ni kawaida? Na kuna watu husema chunusi zikitoka nyingi ni uchafu unatoka, nivumilie.

Mkunazi

Inategemea ni kitu gani. Vitamini C ya aina ya asidi ya askobiki hutengenezwa ikiwa na uchachu, pH chini ya 3.5, kwa hiyo kuchoma nusu dakika hadi dakika moja kisha kutulia si ajabu. Krimu ya kawaida kuchoma si kawaida. Kuwasha kunakoendelea, vipele vidogo vinavyokuna, kope kuvimba: osha kwa maji mengi, acha, usirudie kesho kuhakikisha.

Habari ya uchafu kutoka ina ukweli kidogo, na umechakachuliwa. Vitu vinavyoharakisha ngozi kujibadilisha, yaani retinoli na asidi kama glaikoliki na salisiliki, vinaweza kuleta juu chunusi zilizokuwa tayari zinaiva chini, na hutokea pale pale unapotokwa nazo siku zote. Kwako ni kidevuni. Zikianza kutoka mashavuni ambako hujawahi kuwa nazo, hiyo bidhaa haikufai. Sanskrini, krimu na niasinamaidi hazina kisingizio hicho hata kidogo. Na kwa ngozi yetu nyeusi neno "vumilia" lina gharama: uvimbe wa wiki moja huacha doa la miezi.

Niasinamaidi yako ni 10%, ambayo ni kali kuliko inavyohitajika. 4 au 5% hufanya kazi. Changanya matone mawili na krimu kiganjani, siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki ya kwanza.

FundiPoda_Tanga

Upande wa mekapu nina neno. Huku sampo inajibu siku hiyo hiyo, kwa hiyo huu ndio mzigo wako wa maana zaidi.

Vile vipakiti vitatu vya faundesheni usivijaribu mgongoni mwa kiganja, rangi ya mkono si ya uso. Osha uso, paka krimu na sanskrini utakazotumia siku yenyewe, subiri dakika kumi. Kata kona ya kipakiti milimita mbili. Chora mistari mitatu sambamba kutoka chini ya shavu, ipite taya, iingie shingoni kidogo, kila mstari upana wa kidole kidogo. Halafu kaa barazani au dirishani kwa mwanga wa asubuhi, si chini ya taa ya tyubu. Angalia mara moja, kisha ANGALIA TENA baada ya dakika 30. Faundesheni nyingi zikikutana na mafuta ya ngozi hugeuka, zinakolea au zinaingia rangi ya chungwa. Mstari uliopotea dakika ya kwanza unaweza kuwa wa kwanza kuonekana baada ya nusu saa. Unaopotea kwenye taya NA shingo baada ya muda huo, huo ndio.

Wengi wa maji ya kunde huchukua faundesheni yenye wekundu mwingi kwa sababu paji lina wekundu, halafu shingo ya njano inawasuta. Fuata shingo. Kwenye lebo nyingi herufi W ni rangi ya joto, yaani unjano, C ni ya ubaridi, N katikati. Ikitokea moja imekolea na nyingine imefifia, usitupe, changanya na uandike vipimo.

Jingine ni kugombana kwa tabaka. Sanskrini yenye silikoni nyingi na faundesheni yenye maji mengi zikikutana hujikunja vipandevipande kama makombo ya ufutio. Wajaribu wagombanie mkononi kwanza: sanskrini, dakika tano, faundesheni juu, sugua polepole. Makombo yakitoka, badilisha mmoja.

Na kwa kuwa ni sendofu, ukumbi usiku, mpiga picha na flashi yake: soma viambato vya sanskrini. Ikiwa ni zinc oxide au titanium dioxide, uso unaweza kutoka umepauka kwenye picha huku shingo ikibaki yako. Zima taa chumbani, piga picha kwa flashi, utajua. Poda nyeupe ya kumalizia nayo hufanya hivyo hivyo.

Maskara: funga moja, fungua moja. Ikishafunguliwa uhai wake ni miezi mitatu hata kama haijaisha, kwa sababu kila ukiingiza brashi unaingiza vijidudu na hewa. Kama dada alishaifungua, usiweke jichoni, uhusiano wa damu hauzuii macho mekundu. Wanja unaokolewa: chonga, futa ncha kwa spiriti ya 70%, acha ikauke. Lipstiki iliyotumika, kata ncha kwa kisu safi, kisha futa kwa spiriti hiyo hiyo.

Mzee_wa_Lebo

Kabla ya yote hayo angalia umri. Bidhaa za urembo Marekani hazilazimiki kuandikwa tarehe ya kuisha, kwa hiyo usiduwae ukikosa. Tafuta mchoro wa kikopo kilichofunguliwa kifuniko, wenye 6M au 12M: ni miezi tangu kufunguliwa. Sanskrini kule huhesabiwa kuwa dawa, hivyo mara nyingi ina tarehe. Ikipita, tupa, bila huruma.

Vitamini C ikiwa kama maji au njano hafifu, sawa. Ikiwa rangi ya chai ya rangi, imeshaungua na hewa. Itakuchafua vidole tu. Ile nzima iweke kwenye friji, mlangoni. Krimu iliyojitenga mafuta juu, maji chini, ilipikwa njiani.

Sanskrini ya 10 ml isikudanganye. Uso peke yake unataka robo ya kijiko cha chai, na shingo juu yake. Mistari miwili iliyojaa, kidole cha shahada na cha kati. Kwa uso peke yake, mara moja kwa siku, tyubu hiyo ni siku nane, na shingo ikiingia ni pungufu. Ukiiona inafika mwezi, unapaka kidogo na madoa hayatoki.

Shangazi_Mwanakwerekwe

Na siku ukitaka chupa kubwa, usiende kununua "sampo" zilizopakuliwa kwenye vikopo visivyo na lebo. Ndiko mkorogo unakojificha. Ukiona hydroquinone, mercury au clobetasol kwenye viambato, rudisha. Kwa Tanzania vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, awali ilikuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa).

BintiKigamboni

Vitamini yangu ni rangi ya chai, imeenda. Dada naye amejibu: alijaza ngozi kavu, na rangi ya faundesheni alichagua yake, yeye mweupe kunishinda. Sasa zile krimu nne?

Mkunazi

Soma kwenye kipakiti. Yenye neno "gel" jaribu usoni, ni nyepesi. Zenye "butter", "rich" au "balm" hazitakufaa usoni kwa joto hili, paka visigino na viwiko. Faundesheni nazo huenda zikawa hafifu kwako. Hafifu kwa kiasi inafaa chini ya macho na katikati ya paji, hiyo muulize FundiPoda.

Barakoa ya udongo ni mara mbili tu. Tabaka jembamba, pua na paji pekee, dakika nane, osha ikiwa bado na unyevu. Ukisubiri ipasuke imeshakunywa maji ya ngozi yako. Ya mwisho iwe siku tano kabla ya sendofu, si jioni yake.