Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019. Hivi vifungashio vilivyojaa masokoni vinatoka wapi?

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nasi wananchi tukaitikia: mifuko ya rambo ilitoweka madukani, vikapu vikarudi mikononi, na mtaro wa mtaani kwetu ukaanza kupitisha maji. Leo ingia soko lolote la Dar es Salaam uone hali ilivyo.

Siku hizi mfuko unaitwa kifungashio. Kanuni ziliruhusu plastiki za kufungashia dawa, vyakula, bidhaa za viwandani na za kilimo, kwa kuwa zipo bidhaa zisizofungika kwa njia nyingine, na wafanyabiashara wakapenya katika upenyo huo. Muuza nyanya ametundika bunda la nailoni zisizo na mishikio kwenye msumari wa meza yake. Anachomoa moja, anaifikicha kwa vidole vilivyolowa mpaka mdomo uachie, anatia nyanya za shilingi 1,000 na kupiga fundo. Vitunguu vinapewa nailoni yao, pilipili yake, ndimu zake, kisha zote zinatumbukizwa katika nailoni kubwa zaidi. Huo ni mzigo wa mboga za mlo mmoja tu, na kabla ya usiku kuingia nailoni zote zimeshatupwa, kwa maana ni nyepesi kiasi kwamba zikishafunguliwa hazifai kubebea kitu kingine. Rambo tuliyoipiga marufuku angalau watu walikuwa wakiisuuza na kuitumia tena.

Wanaodai kwamba taka hizi zitaokotwa waangalie vijana waokota chupa wanavyofanya kazi. Chupa ya maji wanaichukua kwa sababu inapimwa kwa kilo na kulipwa. Nailoni nyembamba iliyopakaa tope wanairuka, kwani hata ukijaza kiroba kizima uzito wake si kitu. Inabaki mtaroni, mvua inaisukuma hadi Mto Msimbazi, na Msimbazi unaipeleka baharini. Najua kwamba mchanga na ujenzi wa mabondeni vina sehemu yake katika mafuriko ya Jangwani, kwenye bonde la mto huo, lakini kalavati lililozibwa na nailoni halihitaji mtaalamu wa kulieleza.

Linaloniudhi zaidi ni namna sheria inavyosimamiwa. Mwaka 2021 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilishasema wazi kwamba vifungashio visitumike kama vibebeo, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kuwa jambo hili halijulikani. Kanuni za 2019 zinamtishia anayekutwa na mfuko faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, na zinamtishia mzalishaji na mwingizaji faini ya kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni 1 au kifungo kisichozidi miaka miwili. Mimi nimeshuhudia mgambo wakimnyang'anya mama muuza mchicha bunda lake mbele ya wateja, wakati hatua chache kutoka hapo lipo duka linaloziuza kwa katoni, mlango wazi, mchana kweupe. Nilipotoa taarifa kwa ofisi inayohusika niliambiwa niandike barua. Nimeiandika, ikapokelewa kwa mhuri, na hadi leo duka linaendelea na biashara.

Mama wa mchicha hana kiwanda wala kontena bandarini. Ananunua kinachouzwa, na asiponunua mteja anahamia meza ya jirani, maana sisi wateja nasi tumezoea kwenda sokoni mikono mitupu na kununa tukiambiwa mfuko mbadala unauzwa. Nailoni hizi hutoka viwandani au huingia kupitia mipakani na bandarini, na zote husafirishwa kwa magari yanayopita barabara tunazopita sote. Kwa hiyo namwomba yeyote aliye katika mamlaka na anayesoma jukwaa hili atujibu hapa hapa: tangu 2019 ni wazalishaji na waagizaji wangapi wamefikishwa mahakamani, na ni lini orodha ya viwanda vilivyoruhusiwa kutengeneza vifungashio, pamoja na bidhaa ambayo kila kimoja kiliruhusiwa kuifungashia, itabandikwa hadharani ili sisi wenyewe tuweze kulinganisha na kinachouzwa sokoni?