Wakuu naombeni msaada: hii sarafu ya Tetricus ni ya serikali ya Roma au ya kuigiza?

Mpenda_Shaba: Habari za jioni wakuu. Niko Leicester huku Uingereza, mwezi uliopita nilipita soko la Jumapili nikanunua sarafu 11 za Kirumi kwa mkupuo, zote za shaba zina kutu ya kijani. Mbili muuzaji kaziandikia Tetricus, yule aliyetawala Gaul (Ufaransa ya leo) na Britania mwaka 271 hadi 274. Ya kwanza haina shida, milimita 18, gramu 2.6, taji la miale linaonekana na nasoma kabisa TETRICVS P F AVG. Ya pili ndo inaninyima usingizi. Milimita 12 tu, gramu 1.1, uso kama kachora mtoto, miale imesimama kama meno ya kitana na maandishi ni vijiti vijiti tu, IIVIICI hivi. Jamaa wa kazini anasema nimepigwa nirudishe ila moyo unakataa, maana kutu yake inafanana kabisa na ya wenzake. Nifanyeje?

Kipepeo88: Rudisha mkuu, hela umeitolea jasho.

Sonara_Tanga: Usirudishe kwanza. Kuna feki iliyotengenezwa juzi kumlaghai mnunuzi, na kuna iliyogongwa zama hizohizo za Warumi ili watu wapate chenji ya sokoni, na yako naiona ni hiyo ya pili. Mwaka 274 Aurelian, mfalme wa Roma, alimshinda Tetricus, mwaka huohuo akabadilisha sarafu zikawa nzito na bora, ila Britania na kaskazini mwa Gaul zilifika chache mno, sasa watu wanaendaje sokoni? Wakajigongea za kwao kwa sura za Tetricus na mwanae. Wakusanyaji huko Uingereza wanaziita za kishenzi, jina ambalo silipendi hata kidogo, waliozigonga walikuwa raia wa dola ileile wanaotafuta chenji ya mkate. Chukua lenzi uangalie, ukiona vishimo vya mapovu usoni na mstari wa kuunganishia pembeni basi ilimiminwa, hapo uwe na wasiwasi, ingawa hata zamani wapo waliomimina. Na tafadhali usiisugue kwa ndimu wala siki, utaiua! Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya pasi, halafu kijiti cha meno taratibu.

BintiUnguja: Naongezea kidogo kaka. Usihukumu kwa ubaya wa sura peke yake, kiwanda rasmi cha Tetricus nacho kilikuwa kinalipua kazi, kipande cha shaba kidogo kuliko chapa, nusu ya herufi zinaangukia nje. Mimi naanza na herufi. Mchonga chapa wa serikali anasoma Kilatini, kwa hiyo hata zikikatika zilizobaki zinaleta neno, ila anayeigiza anafuata umbo tu, S anaigeuza, I anarudia hadi nafasi ijae. Uzito naangalia mwisho kabisa kwa sababu hata za serikali zinapishana sana. Nyuma kuna nini? Za serikali mara nyingi utakuta Pax, mungu wa kike wa amani, kashika tawi na fimbo, au Spes, wa matumaini, kashika ua huku ananyanyua gauni. Hujasema ya kwako ina nani.

Mpenda_Shaba: Nimeitoa saa hii nikaiweka chini ya taa. Hamna mtu dada. Kuna kisanduku cha mraba kimegawanywa vyumba vinne, kila chumba nukta moja, na juu kama moto. Pembeni nasoma CON halafu vijiti.

BintiUnguja: Jamani hiyo ni madhabahu! CONSECRATIO, sarafu ya Claudius wa Pili, mfalme wa Roma kabla ya Aurelian, alifariki mwaka 270 akatangazwa mungu ndo wakamgongea hizo. Tetricus yuko hai atapewaje sarafu ya marehemu? Huyo fundi alikuwa na sarafu mbili mezani, kachukua kichwa cha huyu na mgongo wa yule. Hiyo ni ya kuigiza ya zama zile, na mimi ningeipenda kuliko hiyo nyingine.

Sonara_Tanga: Hapo sina la kuongeza. Piga picha pande zote mbili kwa mwanga wa ubavuni, herufi zitatokeza zaidi.

Mpenda_Shaba: Asanteni sana, hairudi popote hii. Nimeitia kwenye kibahasha chake nikaandika juu: ya kuigiza, kichwa Tetricus, nyuma madhabahu ya Claudius. Picha naweka kesho asubuhi, na zile 9 zilizobaki naanza kuzigeuza usiku huu huu.