Mashine ya espresso ya nyumbani: ninunue ipi kwa umeme na maji yetu haya ya Unguja?

BintiMkunazini

Asalaam aleykum jamani.

Miaka minne nilikuwa Maskati nikifanya kazi ya hesabu, ofisini kuna mashine ya espresso jikoni (ile kahawa nzito ya kikombe kidogo inayokamuliwa kwa presha), na wallahi ile mashine ndiyo kitu pekee nilichokililia siku ya kufunga mizigo. Sasa nimerudi, naishi Kiembesamaki na mume, watoto wawili na baba yangu. Baba kahawa yake ni ya dele, lile birika la wauza kahawa, chungu, anainywa barazani baada ya Alasiri na kipande cha kashata, na habari za mashine hataki kuzisikia. Mie nataka yangu ya asubuhi kabla ya kuwapeleka watoto skuli. Kikombe kimoja, siku nyingine viwili. Mume anaitaka yenye maziwa.

Nimetenga milioni moja na nusu, na humo humo kila kitu. Nimeangalia tatu. De'Longhi Dedica, nyembamba, itakaa ubavuni mwa friji bila kuhamisha chochote. Gaggia Classic, pande la chuma, shoga yangu aliye Dubai anasema anaweza kunipatia iliyotumika kidogo. Ya tatu ni ya mtumba, nimeiona Darajani, kubwa, inang'aa, imeandikwa Kijapani mwili mzima, na mwenyewe anataka laki tatu tu. Nilipomwomba aiwashe niione akanambia umeme umekatika. Na feni lilikuwa linazunguka juu ya kichwa chake.

Kinachonichanganya: maboksi yanaandika presha ya baa 15, wengine wanasema espresso ni baa 9. Sasa 15 si ndiyo bora? Na jengine, birika langu la umeme halina hata miezi sita, ndani limeshafanya ukoko mweupe. Mashine si itakuwa hivyo hivyo?

Kashata_na_Tende

Milioni moja na nusu! Dada, kwa pesa hiyo mwenye dele anakuja kugonga mlango wako kila asubuhi mpaka wanao waoe. Njoo Jaws Corner, barazani kwa wanywa kahawa Mji Mkongwe, ukae, unywe, usikilize siasa bure.

BintiMkunazini

Kaka, saa kumi na mbili na robo asubuhi na watoto wawili hawajavaa viatu, nije Jaws Corner nikae na wanaume nisikilize siasa? Haya.

Yakhe_wa_Wete

Achana na umeme kabisa. Sie Pemba tuliishi kwa majenereta mpaka waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010, na nyinyi Unguja mwisho wa 2009 mlikaa gizani miezi mitatu, msijifanye mmesahau. Mimi nina Flair, ile ya kukandamiza kwa mkono. Nachemsha maji kwenye gesi, napasha moto silinda yake kwanza (ukiisahau hii hatua kahawa inatoka kali kama ukwaju), naweka gramu 16, nabonyeza mkono taratibu. Kuna saa yake ya presha, mshale unakaa kwenye 8 au 9. Haina pampu, haina boila la kupashia maji, haina cha kuungua. Chumba kimya, namsikia jogoo.

Ubaya wake nausema pia: mvuke wa maziwa hakuna. Na wakija wageni watano, wa tano anaaga kabla hajanywa.

Usije ukashauriwa kununua lile birika la Kitaliano la kuweka jikoni ukaambiwa ni espresso. Kahawa yake naipenda, ila presha yake ni baa moja na kidogo, haifiki popote.

Fundi_Jangombe

Binti yangu, nimechelewa kuliona swali, nilikuwa shamba. Mie ni fundi wa mafriji na viyoyozi, na zaidi ya miaka ishirini natengeneza pia mashine za kahawa za mahoteli, Nungwi, Paje, Kiwengwa. Mashine nzima sizijui sana. Nazijua zilizokufa, basi nitakwambia zinakufa kwa nini.

Hiyo ya Darajani iache palepale. Japani umeme wa majumbani ni volti 100, wetu ni 230. Ukiichomeka itapika kwa sekunde chache, na hakitakuwa kikombe cha kahawa. Utaambiwa nunua transfoma. Mashine inayokula wati 1300 au 1400 inataka transfoma kubwa, nzito kama jiwe la kusagia, na utaipisha nafasi jikoni kuliko mashine yenyewe. Kitu chochote cha umeme cha mtumba, kigeuze chini usome kibati kabla hujauliza bei. Cha Dubai au Uingereza huna wasiwasi nacho, umeme wao unaelewana na wetu na hata plagi ya pini tatu ni hii hii.

Baa 15 ni nguvu ya pampu ikisukuma mpaka mwisho wake. Kahawa haitaki zote hizo, inataka kama 9. Mashine iliyotengenezwa vizuri ina vali inayorudisha ziada kwenye tangi. Namba ya boksi ni kama spidi iliyoandikwa kwenye dashibodi ya daladala, wewe Fuoni unakwenda nayo?

Sasa hizo mbili zako. Dedica inapata moto chini ya dakika moja, maana haina boila, maji yanapita kwenye kipande cha chuma chenye moto. Kwa mama mwenye watoto wa skuli hilo si jambo dogo. Mkono wake, ule wa kutilia unga wa kahawa, ni wa milimita 51 upana, na inakuja na kichujio cha kuta mbili, chini kina kitundu kimoja kama cha sindano. Kitundu hicho ndicho kinacholeta povu zuri hata ukitia unga wa mwaka juzi. Povu la hila. Gaggia inataka dakika kumi, kumi na tano, ndiyo ishike moto sawasawa, lakini mkono wake ni wa 58, kipimo kilekile cha mashine za mahoteli, vichujio vyake utavipata. Pia ina vali inayoachia presha ukizima, unga unabaki mkavu unaubwaga wote mara moja. Na inafunguka kwa bisibisi. Mie nikiona kitu kinafunguka kwa bisibisi moyo unatulia.

Kwa maziwa, Gaggia ina boila moja tu. Unatoa kahawa, unabonyeza swichi ya mvuke, unangoja, unapiga maziwa, halafu unamwaga maji ya moto kupoza boila kabla ya kahawa nyengine. Kwa watu wawili sawa. Sikukuu ya Idi mwachie baba na dele lake.

Theluthi ya pesa yako iende kwenye kisagio. Usinibishie. Kisagio chenye meno mawili ya chuma yanayosagana, si blenda. Blenda inakata, inakupa vumbi na kokoto ndani ya bakuli moja, maji yanazipita kokoto na kulilowesha vumbi, unapata uchachu na uchungu katika kikombe hicho hicho. Kisagio cha mkono kizuri kinatosha kwa vikombe viwili. Chukua na mizani ndogo ya jikoni. Gramu 18 za unga, kahawa gramu 36 kikombeni, sekunde 25 mpaka 30. Ikitoka upesi saga laini zaidi, ikidondoka kama bomba bovu saga nene kidogo. Mengine utazoea.

Nimefika kwenye maji, na hapa nikae.

Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe. Mvua inapita humo, inashuka visimani imebeba chokaa. Ukiyachemsha, chokaa inaganda penye moto. Huo ndio ukoko wa birika lako, na ndani ya mashine unaganda kwenye vijinjia vyembamba kuliko mrija wa juisi. Mashine kumi nikizifungua, saba au nane zimekufa kwa hilo. Watu wanalaumu kampuni. Kampuni haijawahi kunywa maji ya Unguja.

Lakini kuna maji mengine mabaya zaidi, ya visima vya karibu na pwani, yaliyoingiwa na bahari. Chokaa unaitoa. Chumvi inakula chuma. Hoteli moja ya mashariki iliniita, mashine kubwa ya vichwa viwili, haijatimiza mwaka, boila linavuja kwenye kiungo na chuma kimetoboka kama kimeliwa na mchwa. Nikauliza kisima kiko wapi. Kisima kilikuwa hatua thelathini kutoka ufukweni. Nikafunga begi langu.

Pima ya kwako hivi. Chemsha kikombe cha maji kwenye sufuria safi mpaka yakauke. Kitabaki kitu cheupe. Kidondoshee ndimu. Kikitoa povu kikichemka ni chokaa. Kisipotoa povu, kikayeyuka kwenye maji, na ulimini ni chumvi, maji hayo usiyatie kwenye mashine yoyote hata ukipewa bure.

Kama ni chokaa, dawa iko. Chemsha maji usiku, yaache yatulie mpaka asubuhi, tumia ya juu, ya chini mwagia maua. Chokaa nyingi inabaki kwenye sufuria. Kwa chumvi hilo halisaidii hata kidogo, usijidanganye. Mie nyumbani nakinga mvua ya masika, bati likishaoshwa na mvua mbili tatu za mwanzo, nayachemsha kisha nayachanganya nusu kwa nusu na ya bomba. Ya mvua matupu kahawa inapooza, haina mwili, inataka madini kidogo. Na kila miezi miwili mitatu pitisha maji yenye unga wa asidi ya limau, kisha suuza tangi mbili za maji safi. Siki inafanya kazi lakini utainusa wiki nzima.

La mwisho, usitie kahawa ya dele kwenye mashine. Ile iliyosagwa pamoja na tangawizi na iliki. Nyuzi za tangawizi zinaziba chujio la juu na harufu ya iliki haitoki. Namjua mtu aliyefanya hivyo, akafungua mashine nzima Ijumaa akakosa hata sala ya jamaa. Mtu mwenyewe ndiye anayeandika hapa.

Yakhe_wa_Wete

Fundi umesema kweli yote, ila umethibitisha langu. Mashine ya mkono kama yangu haina boila wala chuma cha moto ndani, chokaa haina pa kuganda.

Fundi_Jangombe

Yakhe, na mume wa binti umpe maziwa ya baridi?

BintiMkunazini

Shikamoo fundi. Nimepima. Ya bomba yamechemka povu kama soda. Nikapima na ya kisima cha jirani kwa ushabiki tu, ndimu haikufanya kitu, nikaonja: bahari. Na jirani ndiye anayetupa maji bomba likikauka! Sasa najua kwa nini chai yake iko vile.

Kwa buni unaniambiaje? Darajani nimeona iliyokaangwa nyeusi tii, inatoa mafuta.

Fundi_Jangombe

Marahaba mwanangu. Hiyo nyeusi ya mafuta ni ya dele, inagandia kwenye meno ya kisagio. Tafuta iliyokaangwa kahawia. Arabika ya Mbeya, Mbinga au Kilimanjaro, na ukipenda povu na nguvu changanya robo ya Robusta ya Bukoba. Nunua ya wiki mbili, si ya miezi, na ifunge kabisa. Kwa unyevu wetu huu ukiacha mfuko wazi siku tatu unakunywa magunia. Na weka kile kifaa cha kulinda friji kati ya mashine na ukuta, umeme ukirudi kwa kishindo kipigwe chenyewe.

BintiMkunazini

Narudi baada ya wiki tano. Nimechukua Gaggia ya Dubai, shoga yangu kaituma kwenye sanduku lililojaa kanga za watoto. Kisagio ni cha mkono, na kwa kweli kuna asubuhi namlaani fundi kimoyomoyo. Mashine naiwasha nikiamka kuswali Alfajiri, nikimaliza na kuwavalisha watoto iko tayari.

Siku ya kwanza kahawa ilitoka sekunde 11, chachu ya kukunja uso. Nikasaga laini, nikazidisha, ikaziba, pampu ikanguruma na kikombe kikavu. Siku ya tano sekunde 27, na rangi ikashuka kama mkia wa panya, nyekundu kahawia, nikamwita mume aje kuangalia akaja na mswaki mdomoni. Mchanga mweupe unaobaki kwenye sufuria ya maji ya usiku, loh, kumbe ndio tulikuwa tunakunywa.

Juzi Baba akakubali kuonja. Kachukua kikombe, kakiangalia, kakigeuza upande huu na huu kwenye mwanga wa mlango.

“Mbona ina povu? Vyombo hamkusuuza?”

Kainywa yote lakini. Halafu kauliza kashata iko wapi.

Kashata_na_Tende

Kiembesamaki sehemu gani? Naulizia tu.