Ratiba ya muziki wa laivu imetoka, usiku sita, naweza kwenda mbili tu. Niende zipi?

Mgeni_wa_Steji

Habari za saa hizi wakuu. Naombeni msaada kwa wazoefu wa muziki wa laivu. Kuna ukumbi mmoja wa sanaa mjini wametoa ratiba yao kuanzia 30 Aprili mpaka 21 Juni na humo kuna usiku sita wa muziki na utamaduni, wanafungua na jazz, halafu inafuata fado ya Wareno, flamenko ya Wahispania, kora ya Afrika Magharibi, taarab asilia, na kufunga ni rumba ya Kongo. Mimi kwa hali ya mfuko na kazi naweza kwenda mbili, labda tatu nikijikaza sana.

Ila shida yangu sio hela tu. Mwaka jana nilienda usiku mmoja wa muziki wa kuketi, watu kimya kama wako msibani, yule mama anaimba taratibu mpaka akafika sehemu akanyamaza, mimi nikajua imeisha, nikapiga makofi. Peke yangu. Kumbe kavuta pumzi tu jamani. Jamaa wa mbele akageuka akanitazama kama mimi ndo simu iliyolia katikati ya dua. Tangu siku ile nikienda popote nasubiri wenzangu wapige kwanza, yaani unakuta nimelipa tiketi, nimekaa nimekakamaa, na badala ya kusikiliza muziki nasikilizia makofi.

Sasa naomba mnijuze, usiku upi unamfaa mtu asiyejua kitu kama mimi, ndani nikae wapi, na wapi ni ruksa kupiga kelele na wapi nifunge domo langu. Alafu kingine, nikitoka kwenye muziki mkubwa masikio yanalia kama nyenze mpaka kesho yake mchana, hii ni kawaida au? Nawasilisha.

kibosile_wa_kona

Hahahaa eti kavuta pumzi tu. Pole sana mkuu. Nenda rumba, huko hakuna wa kukugeukia, kila mtu ana jasho lake. Tatizo limeisha, uzi ufungwe.

FundiMitambo

Uzi usifungwe kwanza. Mkuu naanza na hilo la masikio maana sio la kuchekea. Nimekaa nyuma ya miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti, miaka mingi na wenzangu kadhaa sasa hivi ukiwaita kwa nyuma hawageuki. Hesabu inayotumika sana kwa watu wa usalama kazini ni hii, desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 sikio linavumilia masaa 8, na kila ikipanda 3 muda unakatwa nusu. 88 masaa manne, 91 mawili, 94 saa moja, sasa endelea mwenyewe mpaka 100 utaona umebakiwa na robo saa tu. Na bendi yenye dramu kwenye ukumbi wa kawaida kufika 100 wala haitoki jasho. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo wa kumbi na matamasha, wakasema wastani wa kila dakika 15 usizidi desibeli 100, na ukumbi uwe na sehemu tulivu ya mtu kwenda kupumzisha masikio, na vizibo vya masikio vipatikane. Kwaiyo hiyo nyenze unayoisikia sio kawaida, ni sikio linalalamika. Nunua vizibo vile vya wanamuziki vinavyoshusha sauti yote kwa usawa, pamba usijidanganye nayo haifanyi kazi.

Haya wapi ukae. Watu wakiingia tu wanakimbilia mbele kabisa. Mbele pale unasikia dramu na ampu ya gitaa, sauti ya muimbaji yenyewe inakupita juu ya kichwa maana spika kubwa zimeelekezwa kwa watu wa katikati na nyuma. Ukiegemea ukuta au ukajibanza kwenye kona besi inakujaa tumboni mpaka maneno huyasikii. Wewe ukiingia angalia fundi wa sauti kakaa wapi, kisha tafuta nafasi mbele yake kidogo. Yule anachanganya muziki kwa masikio yake, pale alipo, kwaiyo anachosikia yeye ndo utakachosikia wewe. Isipokuwa kama mwenye ukumbi kamsukumia chini ya ngazi ili aongeze viti, na hilo linatokea sana, hapo poleni nyote na yeye mwenyewe pole.

Na wimbo wa kwanza na wa pili mtuvumilie. Saundi cheki, yaani kujaribu vyombo na spika, tunafanya jioni ukumbi mtupu, sauti inagonga ukuta inarudi, tukaweka kila kitu sawa tukaenda kula. Usiku watu wakijaa miili na nguo zinameza sauti, hasa zile nyembamba za juu, ukumbi unakuwa ukumbi mwingine kabisa. Hapo ndo unaona mtu anahangaika na vitufe. Sio kwamba hajui kazi.

Kuhusu uchague upi mimi kwa upande wangu ni kora, lakini kwa sharti. Ulizia kama wanaiweka chumba kidogo au ukumbi mkubwa. Kora ni kibuyu kikubwa kimekatwa nusu kikawambwa ngozi ya ng'ombe, yaani kile kibuyu chenyewe ni cha kukuza sauti, ukiweka maiki ndani na spika ukazipandisha, kibuyu kinasikia spika, spika inasikia kibuyu, mluzi unaanza hapo hapo. Ndo maana kwenye ukumbi mkubwa fundi analazimika kuishusha au kukata sauti baadhi, na wewe unarudi nyumbani unasema kora mbona ya kawaida tu. Chumba kidogo, maiki moja, watu wachache, hapo hutasahau.

BiMwanaUdi

Mwanangu Mgeni pole, hayo ya makofi yamemkuta kila mtu ila wengine hawasemi.

Nikuambie la taarab kwa kuwa ndiko nilikokulia. Taarab asilia hukai kama uko mahakamani, ila vilevile huruki ruki. Ubeti ukikugusa unainuka, kwa madaha, huna haraka, unakwenda mpaka mbele unamtunza muimbaji, unarudi unakaa. Hakuna atakayekugeukia kwa ubaya. Watakugeukia kwa sababu nyengine. Kule anayeinuka anakuwa kasema jambo, maneno ya muimbaji anayafanya yake, na mara nyingi aliyekusudiwa yumo humo humo ukumbini na soda yake mkononi. Nilishuhudia kijana mmoja mgeni, moyo mweupe kabisa, kainuka kutunza kwenye ubeti wa kusuta kwa kuwa sauti ilikuwa tamu, na alivyokuwa anarudi kitini akamtabasamia mwanamke wa meza ya pili. Yule mwanamke akaamini kasutwa. Tulipatanisha nusu saa nzima, na bendi inapiga.

Jengine, wakimaliza wimbo usishangae wakakaa muda wanagusagusa nyuzi. Kanuni, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa, ina nyuzi zaidi ya 70, kila sauti moja imefungiwa nyuzi tatu, na zote tatu zinatakiwa ziseme kitu kimoja. Udi nao shingo yake haina vipingo kama vya gitaa, kidole kikikosea kidogo tu sauti imekosea. Hata hiyo kora anayoisema fundi ina nyuzi 21 na mpigaji anazipiga kwa vidole vinne tu, gumba na shahada za mikono yote miwili. Joto la ukumbi likipanda zinalegea. Hapo ndipo watu hupiga makofi wakidhani wimbo umeanza.

mpenda_gitaa

Mimi nimsaidie kwenye zile mbili za Ulaya maana zinachanganya watu, ni nchi mbili majirani lakini ukumbini ni kama mbingu na ardhi.

Fado taa zinapunguzwa na kila mtu ananyamaza, kule kwao hata wahudumu wanaacha kupeleka oda wimbo ukianza. Anaimba mtu mmoja, pembeni yake gitaa la kawaida na gitaa la Kireno lenye nyuzi 12 na tumbo la mviringo. Na muimbaji wa fado anapenda sana kusimama katikati ya mstari, anaiacha ile huzuni ining'inie kidogo halafu ndo anamalizia, kwaiyo kaka nina wasiwasi ule usiku uliokuumbua ulikuwa fado au ndugu yake. Dawa yake angalia magitaa sio mdomo. Mikono ya wapigaji ikitoka kwenye nyuzi, piga makofi.

Flamenko ndo kinyume, ukikaa kimya kabisa wataona hujaguswa. Mtu akifanya kitu kikakuchoma unatoa sauti, olé, hapo hapo bila kusubiri mwisho. LAKINI usipige makofi ya kufuatisha muziki, naomba sana. Yale makofi unayoyaona wenyewe wanapiga pale steji ni chombo, yana watu wake na yana mazoezi yake, midundo mingi ya flamenko inazunguka kwenye mapigo 12 na mkazo hauko pale unapodhani. Ukumbi mzima ukianza kupiga moja mbili tatu nne yule mcheza ngoma anasikia kama kuna mtu anamvuta shati. Na mwisho watu wengi wanaenda kuangalia miguu tu, wakati kiini chake ni uimbaji, miguu imekuja kuungana nao.

Zote mbili ziko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, flamenko 2010 na fado 2011. Rumba ya Kongo iliingia 2021, Kongo zote mbili waliomba pamoja, kwaiyo kibosile usidhani unaenda disko tu, unaenda kwenye urithi wa dunia na hilo jasho lako.

Mzee_wa_Rekodi

Nyinyi mnamtisha huyu kijana. Mimi hiki kimya kitakatifu sikiabudu hata kidogo. Huko huko kwenye muziki wa klasiki ambako leo ukikohoa unaonekana mshamba, mwaka 1813 pale Vienna Beethoven alipoitoa simfoni yake ya 7 kwa mara ya kwanza watu walishangilia sehemu ya pili mpaka ikabidi irudiwe pale pale kabla hawajaendelea. Kimya cha kukaa kama sanamu ni mazoea yaliyokuja kukomaa baadaye. Kwaiyo ukikosea makofi jua una wazee wako waliokutangulia.

Jazz kwa mfano, mtu akimaliza solo yake unapiga makofi katikati ya wimbo na ndo heshima yenyewe. Kitu kimoja tu, zamu ya mpiga besi ikifika wenzake wanashusha vyombo, na ukumbi mzima unaona ndo muda wa kupiga stori na kuagiza vinywaji. Hiyo ni dhambi kuliko makofi yako.

Halafu angalia tarehe zako vizuri bwana mdogo. 30 Aprili sio bahati mbaya, ni Siku ya Kimataifa ya Jazz, UNESCO walitangaza 2011 na ikaanza kusherehekewa 2012, siku hiyo kumbi nyingi hupanga bendi kadhaa fupi fupi na wageni wanakuwa wengi, ni siku nzuri ya kujifunza bila kuonekana. Na 21 Juni ni siku ile ya muziki iliyoanzia Ufaransa 1982, wazo lake toka mwanzo ni watu wapige muziki mitaani na kusikiliza BURE. Wameweka rumba siku hiyo. Umewauliza kama hiyo ina kiingilio kweli?

kibosile_wa_kona

Mzee umeua. Sasa kama ni bure ndo kabisaa.

Mgeni nikupe somo la rumba maana hapa nimeonekana mhuni wakati nami nina elimu yangu. Wimbo unaanza taratibu, watu wanaimba mapenzi, mashairi, mnashikana mikono vizuri. Ikifika dakika ya nne hivi unaona kama unaisha, wageni wanaenda kukaa. USIKAE. Hapo ndo linafunguka sebene, magitaa yanashika usukani, kuna ridhimu, kuna solo, na katikati yao kuna mi-solo, gitaa ambalo watu hawalizungumzii kabisa ila likitoka unahisi nyumba imetolewa nguzo. Jaribu siku hiyo kuifuata hiyo tu, moja peke yake, dakika mbili. Ukiipata utaanza kusikia nyimbo zote za zamani upya. Na simama pale alipokwambia fundi, nimejaribu mwenyewe ni kweli, japo yeye mwenyewe huwa ananuna ukimsogelea.

FundiMitambo

Sinuni, nahesabu.

Mgeni_wa_Steji

Wakuu mrejesho. Nimewapigia ukumbini. Kora ni chumba kidogo cha chini, yule binti aliyepokea simu kaenda kuuliza kabisa akarudi akasema "maiki moja tu na huenda wasiiwashe", FundiMitambo nimekukumbuka nikacheka. Na 21 Juni ni BURE, mzee wa rekodi ubarikiwe, nilikuwa nimeshaitoa kwenye hesabu. Kwaiyo nalipia kora na taarab, rumba naingia bila kiingilio, na vizibo nimeshanunua. Fado nitaenda siku nikiwa na ujasiri.

Imebaki swali moja kwa Bi Mwana. Mama, huo ubeti wa kusuta nautambuaje kabla sijainuka?

BiMwanaUdi

Ukiona wanawake wa meza za mbele wote wanatabasamu na hakuna anayemtazama mwenzake, kaa chini mwanangu.